Kumbukumbu ya video kwenye laptopu: Unachoweza kubadili, na pale unapopoteza pesa

Laptopu nyingi zinazouzwa Mombasa, Malindi na Ukunda ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, maarufu kama ex-UK. Ni mashine za ofisi za HP, Dell na Lenovo zilizofanya kazi huko kwa miaka kadhaa, zikasafishwa na kuletwa kuuzwa upya. Ni imara, na bei yake humfaa mwanafunzi, mwalimu na kijana anayeanza biashara ya kupiga video za harusi.

Tatizo huanza siku mwenyewe anapofungua gemu, au programu ya kuhariri video, au ya kuchora ramani za nyumba. Mashine inamwambia kumbukumbu ya video haitoshi. Akichungulia kwenye mipangilio anaona MB 128 tu, ilhali muuzaji alimwambia laptopu ina GB 8. Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa kumwambia alipe kitu kidogo "aongezewe VRAM", na mwingine wa kumwambia aiuze kwa hasara anunue mpya.

Wakati mwingine wote wawili wanakosea. Kabla hujatoa pesa yako, ni vyema uelewe kumbukumbu hiyo ni nini, inatoka wapi, ni kiasi gani unaweza kuibadilisha mwenyewe bila malipo, na ni wapi dawa iko kwingine kabisa.

Kumbukumbu ya video ni nini?

Kila unachokiona kwenye skrini kimeandikwa kwanza mahali fulani ndani ya kompyuta kama hesabu ya rangi. Mahali hapo ndipo panapoitwa kumbukumbu ya video, au kwa ufupi VRAM. Picha yenyewe ya skrini haihitaji nafasi kubwa. Skrini ya kawaida ya laptopu za ofisi ina nukta 1366 kwa 768, na kila nukta huchukua baiti 4. Ukizidisha unapata kama MB 4.2. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 huhitaji kama MB 8.3.

Kinachokula nafasi ni vitu vingine: sura za kuta, nguo, majani na barabara ndani ya gemu, fremu nyingi za video zinazosubiri kuonyeshwa, maumbo ya jengo unalolichora. Hivi ndivyo vinavyofikisha matumizi kwenye mamia ya megabaiti, na hata gigabaiti kadhaa.

Kuna kompyuta za aina mbili. Ya kwanza ina kadi ya grafiki ya pekee, kama za NVIDIA GeForce, yenye kumbukumbu yake iliyounganishwa kwenye kadi hiyo. Kumbukumbu hiyo huwezi kuiongeza. Iliyokuja nayo ndiyo hiyo hiyo hadi mwisho.

Aina ya pili, ambayo ndiyo laptopu nyingi za ofisi, ina chipu ya grafiki iliyo ndani ya prosesa. Intel ilianza kuziweka pamoja kwenye kipande kimoja cha silikoni mwaka 2011, katika prosesa zake za kizazi cha pili. Chipu za namna hii ni kama Intel HD 4400, HD 520, UHD 620 na Iris Xe, na kwa upande wa AMD ni zile za Radeon zilizomo ndani ya prosesa za Ryzen. Chipu hizi hazina kumbukumbu yao. Zinachota kutoka RAM ile ile inayotumiwa na Windows, kivinjari na kila programu uliyofungua.

Tangi moja, wapangaji wengi

Chukua mfano wa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na tangi moja la maji juu ya paa. Wapangaji wote wanachota humo. Mmoja wao ametengewa pipa lake mlangoni, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa. Pipa likiisha, naye anakwenda kuchota kwenye tangi kama wenzake, lakini asipite kiasi fulani.

Mpangaji huyo ndiye chipu ya grafiki. Pipa lake ni kumbukumbu iliyotengwa, ambayo Windows huiita "Dedicated Video Memory". Ruhusa ya kuchota kwenye tangi ni kumbukumbu ya pamoja, "Shared System Memory". Katika Windows 10 na 11, kiwango cha juu cha ile ya pamoja huwa karibu nusu ya RAM yote. Kwa hivyo laptopu ya GB 8 inayoonyesha MB 128 zilizotengwa bado inaweza kuipa grafiki karibu GB 4 ikihitajika. Na isipohitajika, nafasi hiyo hutumiwa na programu nyingine, hailali bure.

Hii ndiyo sababu MB 128 isikutie hofu. Si kipimo cha uwezo wa mashine yako.

Namna ya kuangalia

Kwanza, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Dirisha la Task Manager likifunguka, nenda "Performance" kisha ubofye "GPU". Utaona kiasi cha kumbukumbu ya pamoja na kinachotumika sasa hivi. Fungua gemu au programu inayokusumbua, kisha rudi hapa uangalie. Kwenye laptopu za zamani sana sehemu hii huenda isionekane.

Pili, fungua "Settings", "System", "Display", halafu mipangilio ya juu ya skrini, kisha "Display adapter properties". Hapo utaona mafungu yote: iliyotengwa, ya pamoja, na jumla.

Tatu, soma jina la chipu. Ukikuta limeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", basi shida yako si kumbukumbu. Laptopu iliwekewa Windows upya lakini draiva ya grafiki haikuwekwa. Hili hutokea mara nyingi kwa mashine za mitumba. Pakua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, kwa kutumia namba ya modeli iliyo chini yake. Kwa watu wengi, kazi inaishia hapa.

Kubadilisha pipa kupitia BIOS

Mahali pa kweli pa kubadilisha kiasi kilichotengwa ni kwenye BIOS, yaani ule mpangilio wa msingi unaoamka kabla ya Windows. Zima laptopu, iwashe, kisha bonyeza kitufe cha kuingilia mara kwa mara kabla nembo haijapotea. Kwa HP huwa ni F10, Dell ni F2, ThinkPad za Lenovo ni F1, na Asus na Acer mara nyingi ni F2. Ikikushinda, pitia ndani ya Windows: "Settings", "Recovery", "Advanced startup", halafu "Troubleshoot", "Advanced options" na "UEFI Firmware Settings".

Kabla hujaingia, hakikisha mambo mawili. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wake wa dharura mkononi, kwani mabadiliko kwenye BIOS yanaweza kuifanya Windows ikuulize. Na chaja iwe imechomekwa.

Ukiwa ndani, majina ya kutafuta ni haya:

Kwa Intel, tafuta "DVMT Pre-Allocated", "Video Memory Size" au "Graphics Memory". Kwenye ThinkPad nyingi za zamani liko chini ya "Config", kisha "Display", kwa jina "Total Graphics Memory", na machaguo yake ni MB 256 au MB 512.

Kwa AMD, tafuta "UMA Frame Buffer Size". Machaguo huwa ni "Auto", MB 512, GB 1, GB 2, na wakati mwingine zaidi ya hapo.

Badilisha, hifadhi kwa F10, na mashine itajizima na kuwaka yenyewe. Kisha rudia ile hatua ya kuangalia. Zile laptopu za karibuni zenye prosesa za AMD Ryzen AI 300 zina njia rahisi zaidi: kiasi hicho hubadilishwa ndani ya programu ya AMD Adrenalin, chini ya kipengele kinachoitwa Variable Graphics Memory, bila kugusa BIOS.

Sasa ukweli wenyewe: laptopu nyingi za ofisi hazina chaguo hilo kabisa, hasa zenye prosesa za Intel. Mtengenezaji ameliacha chipu ijipangie. Ukipekua kurasa zote za BIOS usione jina lolote kati ya hayo, basi halipo, na hakuna kitufe cha siri cha kulifichua.

Jambo jingine kwa wanunuzi wa mitumba: baadhi ya mashine hizi bado zina neno la siri la msimamizi lililowekwa na kampuni iliyozimiliki kwanza. Ukiingia BIOS ukaulizwa neno usilolijua, hutaweza kubadilisha chochote. Ingia BIOS palepale dukani kabla ya kulipa. Ni kazi ya dakika moja, na ukishaondoka na mashine, kurudishiwa pesa ni kazi nyingine.

Ujanja wa kubandika namba

Njia inayosambazwa sana kwenye video za mitandaoni ni ya kuingia kwenye rejista ya Windows, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Intel, na kutengeneza ufunguo unaoitwa GMM wenye thamani ya DedicatedSegmentSize. Ukiandika 512, Windows inaweza kuonyesha MB 512 badala ya 128. Mteja anaonyeshwa namba mpya, anafurahi, analipa.

Lakini kilichobadilika ni maandishi ya nje ya pipa. Pipa ni lile lile. Njia hii ina faida moja tu: kuna gemu chache, hasa za zamani, zinazosoma namba hiyo pekee na kukataa kufunguka ikiwa ni ndogo, hata kama kumbukumbu ya pamoja inatosha. Zikidanganywa namba, zinafunguka. Kasi yake haiongezeki hata kidogo. Unaweza kujaribu mwenyewe bure, baada ya kuhifadhi nakala ya rejista. Asitokee mtu akakutoza kwa hilo akisema amekuongezea kumbukumbu.

Hatari zaidi ni anayependekeza kuiandika BIOS upya kwa faili iliyochezewa ili kufungua menyu zilizofichwa. Faili isiyo sahihi, au umeme kukatika katikati ya zoezi na betri ikiwa imechoka, huigeuza laptopu kuwa kipande cha plastiki kisichowaka. Kumfufua maiti huyo kunahitaji fundi mwenye kifaa maalumu cha kuandika chipu. Faida unayoitafuta haistahili hatari hiyo.

Mtaka yote hukosa yote

Tuseme BIOS yako inaruhusu. Je, uweke kiasi gani? Kumbuka kila megabaiti unayoitenga kwa grafiki inatolewa kwenye RAM na hairudi, hata unapoandika barua tu. Ukitenga GB 2 kwenye laptopu ya GB 8, Windows itaandika kwamba GB 8 zimewekwa lakini ni karibu GB 6 tu zinazotumika.

Kwa laptopu ya GB 4, acha kama ilivyo, au usizidi MB 256. Windows yenyewe, bila kufungua chochote, hula GB 2 au zaidi. Ukiibana zaidi itaanza kutumia diski badala ya RAM, na hapo kila kitu kitakwenda kwa mwendo wa kobe.

Kwa GB 8, MB 512 inatosha wengi. Ukiwa na AMD na unacheza gemu peke yake, unaweza kujaribu GB 1.

Kwa GB 16, kutenga GB 2 hakutakuumiza.

Zaidi ya hapo, faida ni ndogo sana. Iliyotengwa na ya pamoja zote ni RAM ile ile, kwa hiyo kasi yake ni moja. Ukiona gemu inatambaa kwa fremu 15 kwa sekunde, pipa kubwa halitaifanya ikimbie.

Bomba ndilo lenye shida

Turudi kwenye nyumba yetu. Mara nyingi maji yamo tangini, ila bomba ni jembamba. Kwa grafiki ya ndani ya prosesa, bomba ni ile njia kati ya prosesa na RAM, na hapa ndipo penye nafasi ya kweli ya kuboresha.

Kijiti kimoja cha RAM ya DDR4 ya 2400 hupitisha hadi GB 19.2 kwa sekunde. Ukiweka vijiti viwili, prosesa husoma vyote kwa pamoja na njia inafikia GB 38.4. Kwa kulinganisha, kadi ya pekee ya GeForce GTX 1050 ina njia yake ya GB 112 kwa sekunde, asiyoshirikiana na mtu. Utaona basi kwa nini laptopu ya kijiti kimoja cha GB 8 huweza kushindwa kwenye gemu na nyingine ya vijiti viwili vya GB 4, ingawa jumla ni sawa. Intel yenyewe inaweka sharti hilo: prosesa yenye Iris Xe ikiwekewa kijiti kimoja tu, Windows huionyesha kama UHD Graphics, si Iris Xe.

Wauzaji wengi huleta laptopu zikiwa na kijiti kimoja. Kuongeza cha pili kunakupa mambo matatu kwa mkupuo: RAM zaidi kwa programu zote, kiwango cha juu zaidi cha kumbukumbu ya pamoja, na bomba lililopanuka mara mbili. Kama una pesa ya kutumia mara moja tu kwenye laptopu hii, itumie hapa.

Kabla ya kununua, fungua tena Task Manager, "Performance", kisha "Memory". Itakuonyesha sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi. Ukiona "1 of 2" na aina ni SODIMM, mambo ni mazuri. Ukiona "Row of chips", RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na huenda isiongezeke. ThinkPad X1 Carbon na MacBook Air ni mifano ya mashine za namna hiyo.

Nunua aina inayolingana. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Mkato wake ni tofauti na kulazimisha ni kuvunja. Na laptopu nyingi za kizazi cha nne na cha tano cha Intel zinataka DDR3L ya volti 1.35, si DDR3 ya kawaida ya volti 1.5. Beba kijiti chako cha zamani dukani ukalinganishe maandishi.

Mengine yasiyogharimu

Chomeka chaja unapofanya kazi nzito, kwa maana ikiwa kwenye betri laptopu hujipunguzia nguvu. Punguza ubora wa skrini ndani ya gemu: kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 ni kupunguza nukta zaidi ya nusu. Funga kivinjari, kwani nacho kinachota kwenye tangi hilo hilo.

Usisahau joto. Hewa ya Pwani ina unyevu na chumvi, na vumbi likichanganyika na unyevu hugandamana kwenye feni. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenyewe akadhani kumbukumbu imepungua. Kusafisha feni na kubadilisha ule mlahamu wa kupitisha joto ni kazi halali ya fundi, na malipo yake ni ya haki.

Kwa wanaohariri video za harusi, tengenezeni kwanza nakala ndogo za faili, zile ambazo programu za kuhariri huziita "proxy", mhariri kwa hizo, na mashine itarudi kwenye faili kubwa wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Na angalieni kamera au simu inarekodi kwa mfumo gani. Video za HEVC za biti 10 husomwa vizuri na chipu za Intel kuanzia kizazi cha saba. Kizazi cha sita na kurudi nyuma hulazimika kutumia nguvu ya prosesa yote, na video inakatakata. Ukiwa na laptopu ya namna hiyo, rekodi kwa H.264 na utaona tofauti.

Wakati wa kukubali kwamba haitoshi

Kuna kazi ambazo hakuna mpangilio utakaoziwezesha: gemu kubwa za miaka ya karibuni, uhariri wa video za 4K zenye rangi nzito, na michoro ya majengo ya pande tatu iliyojaa taa na vivuli. Kama hizo ndizo riziki yako, weka akiba ya mashine yenye kadi ya grafiki ya pekee. Laptopu za kawaida hazina sloti ya kuongezea kadi hiyo baadaye. Atakayekuahidi hivyo muulize ataichomeka wapi.

Lakini kama unachotaka ni kuendesha programu za chuo, gemu za kiasi, na video za 1080, usikimbilie kuuza. Angalia draiva, pitia BIOS, safisha feni, kisha ongeza kijiti cha pili. Na fundi akikuambia atakuongezea kumbukumbu ya video, mwombe akuonyeshe ni kwenye BIOS, kwenye rejista, au kwa kijiti kipya mkononi mwake. Jibu lake litakuambia kama pesa yako inanunua kitu.